Jiwe la Dirishani

Kwa miaka arobaini jiwe lile limekaa dirishani, nami kwa miaka arobaini nimewaambia watu kwamba nililing'oa kileleni, nikiwa nimepanda ukuta wa barafu wa mashariki, kamba nimeiuma kwa meno.

Jana mjukuu wangu, aliyesomea miamba, aliligeuza mkononi.

"Babu, humu mna gamba la chaza. Hili ni jiwe la chokaa, la kule chini kambini. Kileleni ni mwamba wa volkano mtupu."

"Basi huyo chaza alipanda na mimi."

Hakucheka. "Ulifika, au hukufika?"

Nikaitazama picha ya bibi yake ukutani. Siku ile yeye alikuwa mpishi wetu wa kambini, akateguka mguu. Wenzangu wakapanda, mimi nikabaki kumkanda. Waliporudi, akaokota jiwe, akaninong'oneza, "Waambie ulipita njia ya mashariki. Shahidi mimi." Akashuhudia hivyo mpaka anaingia kaburini.

"Sikufika," nikasema.

Mjukuu akalirudisha jiwe dirishani, gamba akalielekeza nje, lisionekane.

"Wageni wakija," akasema, "shahidi mimi."