Pindo la Joho la Zaituni

Mimi Ntandu sioti ndoto. Naliweka hili mbele mapema ili mtu asije akanisumbua baadaye. Wanaoota ni watu wa aina mbili: wenye madeni, na waliolalia maharage ya jana. Mimi sidaiwi na mtu, na maharage ya jana kwetu hayafiki asubuhi kwa sababu nayamaliza mwenyewe. Nikiweka ubavu chini nimekwenda; gogo likiniona linakuja kujifunza. Kijiweni pale vijana wanapoegesha pikipiki wananijua vizuri, kwamba Ntandu hana kinachomkosesha usingizi. Shikeni hayo hayo, maana sasa nitawasimulia ndoto.

Siku yenyewe ilianza vizuri, ikaharibiwa na mdomo wangu. Mchana ulizuka ubishi kijiweni, kama serikali iwasamehe waliosoma chuo kikuu kwa mkopo au iwabane mpaka walipe. Vijana wakagawanyika, nami nikasimama upande wa kubana. Niliwaambia kwamba mimi niliishia kidato cha nne, lango la chuo nililiona kwenye kalenda tu, sasa kwa nini kodi ya sukari yangu ikafute wali alioula mtu mwingine bwenini? Dawa ya deni kulipa, nikasema, na kama dawa ni chungu basi waiteremshe na soda. Walicheka mpaka mmoja akajishikilia kwenye usukani. Nikarudi nyumbani nimejaa sifa.

Nyumbani nikamkuta Mama ananisubiri. Alizeti yetu ilikuwa imeuzwa wiki ile, na kwa bei nzuri, na tangu tunapanda ilikuwa inajulikana kwamba fedha ile ni ya pikipiki yangu. Lakini Mama alisema wamempigia simu tena watu wa mikopo, wamempigia yeye, kwa kuwa ndiye aliyemdhamini dada yangu Zaituni. Zaituni amemaliza chuo zamani, ana shahada yake ya ualimu, anafundisha shule ya mtu binafsi ambako mshahara huja kama mvua ya Singida, yaani ukija unashangaa. Kila akichelewa kulipa, deni linaongezewa adhabu. Mama aliuliza kama fedha ya alizeti iende huko ili deni liache kuota mizizi, pikipiki ingoje msimu mwingine. Zaituni alikuwa mkekani anapepeta mchele. Hakuinua uso. Nami, badala ya kujibu kama mtu, nikaurudia ule utani wa kijiweni, wali wa bwenini na soda juu yake. Mama alicheka kidogo, kwa bahati mbaya, akajiziba mdomo. Zaituni akasema, "Sawa, mdogo wangu," akaweka ungo chini, akaenda chumbani kwake.

Kwetu marehemu Baba alituachia desturi moja: neno zito halikatwi siku lilipoletwa. Hulaliwa, na aliyelipinga ndiye hulifungua asubuhi kwenye chai. Mama akaniambia nilale nalo. Nikamjibu kwamba mimi hulala na shuka, na hata hilo shuka ni jepesi. Ulikuwa msimu wa kipupwe, upepo unapita chini ya mlango kama mgeni anayejua njia. Nikajikunja, nikalala.

Basi nikajiona nimesimama mbele ya lango la chuma lisilokuwa na ukuta kulia wala kushoto, na nje ya lango wamekaa watoto wengi sana wenye sare za shule, kimya, magoti kifuani, wakitazama ndani. Mtu yeyote angeweza kulizunguka lile lango, lakini hakuna aliyelizunguka. Akanipokea kijana mrefu aliyevaa shati langu, hili hili lenye kifungo kimoja cha rangi tofauti, na alipocheka nilisikia kicheko changu kikitoka kinywani mwake, kimechelewa kidogo, kama sauti inayorudi kutoka kwenye majabali. Aliniambia jina lake ni Kejeli na kwamba amenisubiri tangu mchana. "Karibu, bosi," akasema. "Njoo uwaone wasomi wako wanavyotembea." Akanishika mkono, na mkono wake haukuwa wa moto wala wa baridi, ulikuwa kama mkono wangu mwenyewe nikiwa nimeulalia.

Ndani ilikuwa nchi tambarare ya vumbi jeupe, na mwanga wake haukutoka jua wala mwezi. Mahali fulani, sikuona wapi, kipaza sauti kilikuwa kinasoma majina kama siku ya mahafali, jina moja baada ya jingine, kinanyamaza kidogo kusubiri vigelegele, na vigelegele haviji. Watu walikuwa wengi kama siafu, wote wamevaa majoho meusi, na kila joho lilikuwa na pindo linaloburuzwa nyuma, jingine urefu wa ua wa nyumba, jingine linapotea mbali jicho lisipofika. Katika nchi nzima ilikuwa inasikika sauti moja tu, ya kitambaa kinachoburuzwa kwenye vumbi, na ukisikiliza sana ilikuwa kama mtu anayetaka kukwambia kitu cha siri halafu anaghairi. Walitembea wameinama. Kila mtu akisimama kupumzika, pindo lake liliendelea kurefuka lenyewe, polepole, kama mchuzi uliomwagika. Nilimwona mzee mwenye mvi akilivuta la kwake, na ndani ya mikunjo yake wamelala watoto wake, wamezaliwa humo, hawajui kama nje kuna pengine. Kejeli akanidokeza nicheke. Nilijaribu. Kicheko kilitoka kwake, mimi nikabaki nimefungua mdomo.

Katikati ya nchi ile palikuwa na meza ya fundi cherehani, na pande mbili za meza wamekaa watu wawili walioshika mkasi mmoja, huyu mkono huu na huyu mkono ule, mkubwa kama mkasi wa kukatia mabati. Mmoja alikuwa mzee mwembamba mwenye macho yasiyopepesa. Mwingine alikuwa mwanamke mnene wa makamo ambaye kanzu yake ilikuwa imeloa mabegani, kama mtu ambaye watu humlilia kwa zamu. Kejeli alininong'oneza kwamba huyo ni Mzee Haki na yule Bibi Msamaha, kwamba waliwahi kuoana, wakaachana, na mkasi ndiyo mali pekee ambayo hawajagawana. Halafu akarudi nyuma kidogo. Niligundua kwamba anawaogopa.

Niliwaamkia. Bibi Msamaha aliitikia marahaba kwa upole, Mzee Haki aliitikia kwa haki, yaani neno moja bila nyongeza. Nikataka kujua kwa nini hawakati, maana mkasi upo na mapindo yapo. Mzee alinyoosha kidole kwenye lango. Alieleza kwamba kila joho lilifumwa kwa uzi uliokopwa, na kwamba uzi huo ukirudishwa ndio utakaowafumia majoho wale watoto walioko nje. Kila pindo linalokatwa na kuachwa vumbini, mtoto mmoja pale langoni anazeeka akiwa amekaa. Nikasema moyoni, si ndiyo yale yale niliyosema kijiweni, nikajisikia mtu wa maana. Lakini Bibi Msamaha aliniambia niwatazame tena wanaoburuza. Aliuliza kama nimeona hata mmoja mwenye uzito ule aliyefika langoni kurudisha uzi. Sikuwa nimeona. Mapindo yenyewe ndiyo yaliyowazuia kufika.

"Watu hudhani mimi kazi yangu ni kufuta," akasema. "Mwanangu, hakuna kinachofutika. Mzigo ukitoka bega hili umetua bega jingine. Mimi huuliza tu: nani abebe, na mpaka lini."

"Na mimi huuliza nani alikula," akasema Mzee Haki. "Aliyekula peke yake, alipe peke yake. Hatujakata pindo hata moja leo, kwa sababu kila tunalolifuata, tunakuta limeishia sebuleni kwa watu."

Hapo kipaza sauti kikasoma jina la dada yangu. Zaituni binti Mughenyi. Kikanyamaza, kikasubiri. Nikamwona kwa mgongo, anatembea taratibu, amebeba ungo wa mchele kichwani juu ya ile kofia ya mahafali, na pindo lake linapita mbele ya miguu yangu likielekea nyuma, mbali. Bibi Msamaha aliniagiza nilifuate mpaka mwisho ndipo nirudi niwaambie wakate wapi. Nikalifuata. Lilitoka nchi ile likaingia shamba la alizeti, na alizeti zote zilikuwa zimekomaa, vichwa vizito, lakini hazikulitazama jua. Zilinitazama mimi. Nilipopita zilinigeukia, safu kwa safu, bila upepo, na nikasikia shingo zake zikikwaruza. Niliogopa, wasomaji wangu. Niliogopa kama mtoto anayetumwa nje peke yake, na wa kumtania hayupo.

Pindo likapita katikati ya shamba likaingia kwenye nyumba yetu. Ndani ya mikunjo yake nikaanza kuona vitu ninavyovijua. Godoro langu la shule ya bweni, lile la maua. Viatu vyeusi nilivyoringia kidato cha kwanza. Bati jipya la jikoni. Na sahani moja tupu ya bati, imelambwa. Nikakumbuka. Zaituni alipokuwa chuo alipewa kwenye mkopo wake fedha ya kula, ile wanachuo wanayoiita bumu, na kila ikitoka alituma nyumbani. Sisi tulishangilia. Mtaa mzima uliamini kwamba serikali inamlipa Zaituni mshahara wa kusoma, na Mama alikuwa akisema mwanangu anakula wali kila siku huko. Hatukujua kwamba anakula mlo mmoja. Sisi tuliita zawadi. Walioitoa waliandika deni. Na pindo halikuishia hapo. Niliendelea kulivuta, likawa zito, likagoma, na nilipogeuka kutazama limenasa wapi, nikaona limeshonwa kwenye kiuno cha kaptura yangu ya shule, niliyojikuta nimeivaa, kwa uzi mweusi, kushona kwa zamani kulikokwisha kuwa kama ngozi. Miaka yote ile mimi nilikuwa nimelikalia.

Nikajikuta nimerudi mezani, sijui kwa njia gani, na mkasi umefunguliwa. "Tukate wapi?" akauliza Mzee Haki. Wakikata begani kwa Zaituni, uzito wote unaniangukia mimi. Wakikata kiunoni kwangu, nabaki kama nilivyozaliwa mbele ya watoto wa langoni. Na palikuwa na njia ya tatu, niliiona wazi na Bibi Msamaha aliona kwamba nimeiona: nilikunje pindo, nilitie begani upande wangu, tutembee wawili mpaka langoni. Haikuhitaji mkasi. Alikuwa ananitazama akisubiri niitamke.

Lakini Kejeli alikuwa ameshafika sikioni. Alininong'oneza kwamba ushonaji ule hushikiliwa na neno tu. Niseme simjui mwenye joho, nyuzi zitafumuka zenyewe, nitaondoka mwepesi na pikipiki yangu. Nami, aibu yangu hii, nikasema. Nilisema Zaituni simjui. Nikarudia kwa nguvu, huyu simjui, nikasikia nyuzi zinaachia kiunoni, na baridi ikaniingia mwilini kote, na dada yangu aliye mbele akasimama. Akaanza kugeuka. Kipaza sauti kikanyamaza, alizeti zikanyamaza, na niliomba asigeuke, maana nilijua kwamba atakaponitazama hatakuwa ananijua. Aligeuka. Ulikuwa uso wake kabisa, hauna kasoro. Akanitazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekosea nyumba.

Nikaamka.

Kulikuwa kumepambazuka. Nilikaa kitandani nikipapasa kiuno. Maana ya ndoto ilinijia polepole, kama mtu anavyorudiwa na hisia mguuni: kwamba swali halikuwa kama dada yangu asamehewe, bali kama mimi naruhusiwa kusimama kijiweni kulijibu nikiwa nimeshiba sahani yake. Kuhusu serikali sijui. Mzee Haki na Bibi Msamaha na wang'ang'anie mkasi wao. Kuhusu fedha ya alizeti, nilijua. Kulikuwa na baridi, nikaivuta nguo iliyokuwa juu yangu nikajifunga mabegani, nikatoka kwenda kulifungua neno.

Mama alikuwa ameketi, Zaituni anamimina chai. Mama akauliza nimelalaje. Sasa nyie mnanijua. Nilikohoa kidogo, nikasema nimelala kama gogo, sikuota chochote, kwa sababu mimi sioti. Nikaendelea, kwa sauti nzito ya mwanamume wa nyumba, kwamba fedha ya alizeti iende kwenye deni, tulibebe wote, pikipiki ingoje. Hapo ningenyamaza ningekuwa nimemaliza vizuri. Nikaongeza kwamba kwa kweli tangu jana nilikuwa upande wa dada. Ule ulikuwa utani tu, moyoni kamwe siwezi kumkana ndugu yangu.

Zaituni aliweka birika chini.

"Usiku ulikuwa unapiga kelele," akasema. "Nikaja mlangoni. Ulikuwa unasema, Zaituni simjui, huyu simjui. Umejikunja, shuka limeanguka, unatetemeka."

Mama alinigeukia. Nikainamisha macho yasikutane na ya dada. Ndipo nikatazama nguo niliyojifunga mabegani. Haikuwa shuka langu. Ilikuwa khanga ya Zaituni.

Nilianza kuivua. Zaituni akanisogezea kikombe.

"Kaa nayo," akasema. "Baridi haijaisha."