Mfuko wa Kwapani

Fundi cherehani alikuwa na mdogo wake wa kiume, mfanya mazingaombwe, ambaye mtaani walimwita Profesa. Walimpa jina hilo kwa kebehi, naye kwa ujeuri wake akalipokea kwa mikono miwili. Ndugu hao walipanga vyumba vilivyopakana, ukuta mmoja katikati, na Jumamosi hiyo mchana Profesa alikuwa mubashara mtandaoni, chumbani kwake, mbele ya simu aliyoiegemeza kwenye birika.

Halikuwa onyesho la kupitisha wakati. Miongoni mwa watazamaji alikuwamo meneja wa ukumbi wa sherehe aliyekuwa akitafuta mtu wa kuajiri. Akimpenda, basi Profesa anaagana na kubeba magunia ghalani. Dada mtu alilijua hilo kuliko yeyote. Ndiye aliyemshonea koti jeusi, na ndani yake, chini ya kwapa la kushoto, mfuko ambao hata ukilipapasa koti huuhisi.

"Dada, siri hii ni ya watu wawili," Profesa alimwambia siku ya kulijaribu. "Mimi na wewe, basi."

Sasa dada alitazama kwenye simu yake, ameketi nyuma ya cherehani, mumewe kando. Huyo mume hasifu kitu. Umpikie chakula cha kujing'ata vidole, atasema leo angalau kimeiva. Lakini Profesa alipotoa ua ndani ya gazeti, hata yeye akatabasamu.

"Fungueni maiki zenu, mnipigie makofi niyasikie!" Profesa akawaambia watazamaji. Dada akabonyeza, akapiga makofi mpaka viganja vikamuwasha. Wenzake wakazima tena. Yeye akasahau.

Kikaja kitambaa chekundu. Profesa akakikunja, akakipuliza, kikatoweka. Akainua mikono juu, vidole vimetanuka, mitupu.

"Aisee," mumewe akasema. "Kumbe shemeji ana kipaji! Kimekwenda wapi?"

Neno hilo, kipaji, likamchoma. Mfuko ule aliushona kwa mkono, akaufumua, akaushona upya, macho yakimuuma, na tangu aolewe hajawahi kuambiwa kwamba yeye ana kipaji cha chochote. Wivu ukampanda, ulimi ukateleza.

"Kipaji kitu gani! Si kiko kwapani, kushoto, ndani ya mfuko? Nimeushona mimi."

Kwenye simu, picha ikichelewa kama kawaida yake, Profesa bado alitabasamu, mikono juu. Dada akaiona alama ya maiki inawaka, akaelewa alichofanya, akatamani picha igande hapohapo. Haikuganda. Tabasamu likamtoka mdogo wake taratibu. Watazamaji wakaangua kicheko, na mtoto wa mtu akapiga kelele, "Atoe! Atoe!"

Profesa akavua koti. Akaligeuza nje ndani, akausogeza mfuko kwenye kamera, kitambaa chekundu kikichungulia.

"Aliyesema ni dada yangu," akasema. "Ndiye fundi. Tazameni kazi ya mikono yake. Mpigieni makofi."

Wakampigia, meneja pia, tena mengi kuliko aliyopigiwa Profesa. Kila kofi lilimwingia dada kama sindano kidoleni. Kisha meneja akaaga kwa adabu, akatoka, hata namba ya simu hakuacha.

Dada alipogonga chumba cha pili, alikuta koti limekunjwa juu ya kitanda.

"Nisamehe, mdogo wangu. Huu ulimi wangu..."

"Yameisha, dada." Hakumtazama. "Nifumulie huo mfuko. Koti nitalivaa misibani."

Alitaka kumkatalia, kumbembeleza ajaribu tena, lakini angesema hayo kwa uso gani? Akaketi ukingoni mwa kitanda, akatoa wembe, akaanza kuutafuta mwanzo wa mshono. Akageuza koti huku na huku, machozi yanamzuia kuona. Hakuupata.

Profesa akasogea, akaweka kidole palepale bila kuangalia.

"Hapa," akasema. Alipajua kwa kugusa tu. Alikuwa amefanya mazoezi mwaka mzima.