Kelele ya Kituo Kimoja

Usiku wa jana niliota nimeajiriwa kufuta kelele, katika kituo cha kunasa mawimbi ya mvutano, yale yanayotikisa ulimwengu mashimo meusi mawili yanapomezana. Mabomba mawili marefu yametoka kituoni. Moja linaelekea Muheza, jingine linapita katikati ya chumba cha marehemu mama. Hakuna anayeshangaa.

Bosi wangu ni kioo. Kinaning'inia kwa nyuzi nne na hakitaki mtu apige chafya.

"Rukia, hiyo nini?"

"Lori, bosi."

"Futa. Na hiyo?"

"Ng'ombe anajikuna ukutani."

"Futa."

Mara bomba linarefuka, kidogo kuliko upana wa chembe ya vumbi. Sauti inaanza chini, inapanda mbiombio, inakatika: kuruu-kuruu-kuip! Mashimo mawili yamekutana, miaka bilioni moja iliyopita. Lakini sauti hiyo naijua. Ni mama anaita kuku wake.

"Bosi, huyu mama yangu."

"Kituo cha pili wamemsikia?" kioo kinauliza. "Ikisikika kituo kimoja tu, ni kelele. Futa."

Roho iliniuma. Mama nilishamfuta mara moja. Siku aliyofariki alinipigia simu, laini ikakwaruza, nikasema nitampigia baadaye, nikakata. Sikupiga. Mdogo wangu Saumu, ndiye aliyemshikia ile simu sikioni, hajanisemesha tangu msibani. Huu mwaka wa tatu.

"Kituo cha pili yuko nani zamu?"

"Saumu."

Nilijua tu. Kidole changu kiko juu ya kitufe cha kufuta. Nakiondoa, napiga simu. Inapokelewa. Kimya.

"Saumu mdogo wangu, nisamehe. Nilikosa mimi. Usifute, huyo ni mama."

Kioo kinatazama saa.

"Muda umekwisha," kinasema, kwa upole kabisa.

Nikalia kwa kwikwi kama mtoto. Chozi likadondoka sakafuni, sindano ya mtambo ikaruka.

"Na hilo pia futa," kioo kikasema.

Nikaamka. Kumekucha, mto umelowa chapachapa. Kwenye simu kuna ujumbe mmoja, umetoka kwenye namba niliyokwisha kuikatia tamaa.

"Shikamoo dada. Nimemsikia mama akiita kuku. Na wewe umemsikia?"