Tegu Wawili wa Kibisi

Mwanzoni Henriikka Suhonen aliilaumu rangi ya kutilia sampuli. Kisha akailaumu hadubini. Mwishowe akaanza kulilaumu jicho lake la kulia, lililotolewa mtoto wa jicho majira ya baridi yaliyopita, na hapo ndipo hofu ilipomwingia.

Kwa miaka mingi kazi yake katika kituo cha utafiti kando ya ziwa Kallavesi ilikuwa kufungua matumbo ya ndege wa porini, kutoa tegu, minyoo bapa waliomo, na kuwapa majina. Tegu hatambuliwi kwa kutupiwa jicho tu. Unachunguza kulabu za kichwani na vinyonyeo, halafu unashuka pingili moja moja, kwa kuwa kila pingili huwa na viungo vya kiume na vya kike pamoja. Lakini huyu, aliyetoka kwa kibisi shingo-nyekundu, ndege wa ziwani aliyenasa wavuni, hakuwa na ovari hata moja. Mwili mzima ulikuwa korodani tu.

Tegu wa pili wa kibisi yuleyule alikuwa amechukuliwa na Jorma Väänänen, mwenzake wa meza ya pili. Walikutana kwenye kahawa, Jorma akitafuna mkate wa iliki.

“Wako anasemaje?” Henriikka aliuliza.

“Ovari zimemjaa kama viazi kapuni. Korodani sizioni, lakini amekomaa mno, zitakuwa zimenyauka. Wako je?”

“Wangu hana ovari.”

“Hana, au huzioni?”

“Hana, Jorma.”

“Basi mwambie daktari akurudishie jicho lako la zamani, mama!”

Henriikka alicheka naye. Kisha akaingia msalani, akajifungia, akafumba jicho la kushoto na kusoma maandishi madogo kwenye chupa ya sabuni. Aliyasoma yote. Badala ya kumtuliza, jambo hilo lilimvuruga zaidi: kama jicho ni zima, basi alikuwa anaona nini?

Kesho yake alidai kwamba tegu wale ni spishi mbili tofauti.

“Zenye kichwa kilekile na kulabu zilezile?” Jorma alimkatiza. “Acha hizo. Umeharibu sampuli, sema tu.”

Maneno yale yalimchoma. Tangu siku hiyo kila mmoja wao alikunywa kahawa yake mezani kwake. Henriikka alianza kuwaza kustaafu mapema, na hata ripoti zake za zamani alizitilia shaka.

Ndipo jirani mmoja wa Jorma alipoleta kituoni kibisi mwingine aliyezama kwenye wavu. Jorma alimweka ndege huyo mbele ya Henriikka.

“Fungua wewe,” alisema bila kumtazama. “Mimi nitakaa hapa hapa.”

Ndani ya utumbo walilala tegu wawili ubavu kwa ubavu, mmoja mwembamba, mwenzake mpana. Waliwatia rangi pamoja. Walipokuwa tayari, Henriikka alimpisha Jorma kwenye hadubini, kwa mwembamba kwanza. Jorma alitazama, akafuta lenzi, akatazama tena, kisha akamtazama na yule mpana.

“Mimi nami nimepasuliwa jicho lini?” alinong'ona.

“Kwa mwembamba unaona ovari?”

“Sioni. Na yule mpana hana korodani. Henriikka, hawa ni dume na jike!”

“Tegu hana dume wala jike. Nimelifundisha hilo darasani.”

“Na mimi nimefunzwa hivyo. Sasa tufanyeje?”

Waliwauliza wataalamu wa Helsinki. Jibu lilikuwa kwamba jamii hiyo ya tegu wa vibisi inajulikana tangu zamani, jinsia zake zimetengana, na mara nyingi hukutwa wawili wawili. Jorma alikuja na kahawa mbili na uso umemshuka.

“Nisamehe. Jicho lako liko sawa kuliko mdomo wangu.”

“Kaa,” alisema Henriikka. “Hebu niambie. Kibisi anameza chochote anachokiona. Nani anawapanga hawa wawili wawili? Na akiingia mmoja peke yake, anakuwa dume au jike?”

Kabla ziwa halijaganda walimfungua kibisi mwingine, na humo walimkuta tegu mmoja tu, mdogo, asiye na viungo vya upande wowote. Walipokezana hadubini mchana kutwa.

“Anamsubiri mwenzake ndipo aamue,” Jorma alisema.

“Umejuaje?”

“Sijui. Nimesema tu.”