Ligi ya Pwani Ilipokuja Kuposa Timu ya Chuo

Usiku wa jana niliota, na mpaka sasa nikiisimulia hiyo ndoto nageuka kutazama mlango. Msidhani ni uzee. Uzee ninao, ila hili ni jambo jingine.

Kwanza niwaambie ilivyokuwa kabla sijalala, maana bila hivyo mtaona babu yenu amechanganyikiwa. Mjukuu wangu Subilaga anasoma pale Chuo cha Kibumbe, juu kidogo ya mashamba ya chai, na ndiye kapteni wa timu yao ya wasichana ya mpira wa kikapu. Mimi mpira ule siujui. Naona tu wanahangaika kutia mpira kwenye kikapu kisicho na kitako, unatokea chini, wanashangilia. Bibi yenu angekuwepo angekishona siku ileile.

Sasa timu yao miaka yote inacheza ligi ya kanda yetu huku Nyanda za Juu, na vyuo vya majirani, watu wanaofahamiana na kutaniana. Ikaja Ligi ya Pwani ikawaambia, hameni huko, njooni mcheze kwetu. Eti kuna ukumbi wenye paa, kuna televisheni, kuna timu kubwa za kuwakomaza. Wachezaji wakagawanyika katikati, nusu wanasema twende, nusu wanasema tubaki. Ikabaki kura ya kapteni. Na huyu kapteni, badala ya kwenda kwa watu wenye akili, akaja kwangu jioni, akakaa kwenye kigoda, miguu mirefu imejaa jiko zima.

"Mume wangu," akaniambia, maana ndivyo tunavyotaniana, "wewe ukisema twende, tunaenda. Ukisema tubaki, tunabaki. Kesho asubuhi nawapa wenzangu jibu."

"Mke wangu, mimi nimeishia darasa la pili."

"Sikuulizi hesabu. Nakuuliza unavyoona."

Nikamwambia alale hapahapa, na mimi ngoja nilale kwanza. Lakini ndani nilishaogopa. Pwani ni mbali, basi linashuka mlima Kitonga, halafu watu wanaokwenda kule wengine wanarudi siyo wale walioondoka. Sura ile ile, mtu mwingine. Nikalala na hofu hiyo kama nimemeza kokwa.

Basi, nasikia hodi. Nafungua, naona ringi, kile kikapu cha chuma cha kwenye uwanja wa chuo, imesimama na nguzo yake, imeinama isigonge kenchi za paa.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Karibu ndani."

"Nimeshaingia."

Kweli, ilikuwa imeshaingia, na mlango umefungwa. Mgeni ni mgeni, nikaipa ndizi zilizobaki. Zikapita, zikaanguka sakafuni. Nikaziokota nikaipa tena. Zikaanguka tena.

"Usihangaike babu. Mimi huwa sishibi."

"Pole sana."

"Nimezoea. Vaa koti. Washenga wamefika, na mwenye binti ni wewe."

Nikatafuta viatu sikuviona, nikatoka pekupeku. Nje migomba yangu haipo. Uwanja wa chuo ndio umelala pale shambani, saruji yote, umefungwa kamba kama ng'ombe anayepelekwa mnadani. Unahema.

"Wananipeleka wapi?" ukaniuliza.

"Sijui, mwanangu."

"Nina nyufa mimi. Wakinipandisha kwenye lori nitapasuka."

Nikaupigapiga mgongoni. Ulikuwa wa moto, kama mtoto mwenye homa.

Pembeni kwenye mkeka wamekaa wawili. Mmoja ni bibi mzee, amevaa masweta mawili na kitenge juu yake, anakohoa. Huyo ni Ligi ya Nyanda za Juu. Hakuna aliyeniambia, nilimjua tu kama unavyomjua shangazi yako. Mwingine ni bwana mkubwa wa kanzu. Usoni hana uso, ana taa. Zile taa kali nyeupe za uwanjani, ukimwangalia unatokwa machozi. Huyo ni Ligi ya Pwani.

"Mzee wangu," akaanza yule wa taa, kwa sauti ya kubembeleza, "katika kupitapita tumeona ua zuri bomani kwako. Tumekuja kuliomba."

"Ua lipi?"

"Timu yote. Na wale wa akiba."

Bibi akacheka mpaka kikohozi kikamshika. "Hee! Ua gani linavaa raba kubwa kama mitumbwi? Sema umekuja kuiba, tutakuelewa."

"Mama, na wewe una nini cha kuwapa? Ukungu?"

"Ukungu ninao, ndiyo. Na jioni kila mtu anakula kwao."

Mimi kama mzee wa binti nikaona niulize la maana. "Bwana, hilo basi lao litapita wapi?"

"Halipiti, mzee. Linaingia."

"Linaingia wapi?"

Taa zake zikaongezeka ukali, na kivuli changu kikatoka miguuni kikajificha nyuma ya bibi.

Nageuka nimwite Subilaga, kumbe tayari tumo ndani ya basi. Au ndani ya ukumbi, sijui. Viti ni vya basi, vina mikanda, ila katikati kuna sakafu ya mbao, na wasichana wetu wanacheza. Madirishani naona miti inapanda juu, inapanda, maana sisi tunashuka. Dereva hayupo. Kwenye kiti cha dereva kuna kipyenga, kinaning'inia hewani peke yake, hakina mpulizaji.

Mpira unadunda. Basi linashuka. Kila mpira ukidunda, basi linaongeza mwendo.

Msichana mmoja anakanyaga mstari. "Nje," kinasema kipyenga. Hapohapo yule msichana hayupo tena. Raba zake tu zimebaki, kamba bado zimefungwa.

"Amekwenda wapi?" nauliza.

"Nje."

"Nje ya wapi?"

"Nje, mzee. Funga mkanda, unasumbua abiria."

Nikafunga mkanda. Mnaweza kunicheka, lakini mngefunga hata nyie.

Halafu kipyenga kinalia tena. "Mabadiliko. Atoke Atupele, aingie Atupele."

Atupele namfahamu. Ni rafiki wa Subilaga, huwa anakuja kwangu kula parachichi, anakula kama ametumwa na kijiji. Anatoka, anapita mlango wa nyuma wa basi, na basi linakwenda kasi vile. Anaingia mwingine. Jezi ile ile, urefu ule ule, hata kovu la gotini.

"Atupele, mjukuu wangu," namwita, "parachichi zimeiva."

Ananitazama kama mtu anavyotazama ukuta. "Wewe mzee ni nani?" Shikamoo hakuna.

Wajukuu zangu, nywele zilinisimama, hizi chache zilizobaki. Maana niliona pembeni, kwenye meza ya waamuzi, msichana mwingine amesimama anasubiri zamu. Ana jezi ya Subilaga. Ana miguu ya Subilaga. Usoni bado hana macho.

"Huyu macho yake yako wapi?" nikauliza.

"Yanakuja," kikasema kipyenga. "Yakifika anaingia."

Subilaga wangu anacheza, hajui. Anakimbia, anaruka, anacheka na wenzake waliobaki. Natamani kumfuata, mkanda umenibana. Navuta, mkanda unaniambia, "Tulia babu, utaumia."

Hapo bibi wa masweta akanishika bega. "Sema abaki. Kwangu mimi hakuna mabadiliko."

"Mchukue!" nikasema. "Mchukue haraka!"

Bibi hakungoja. Akamnyakua Subilaga, akambeba mgongoni kwa kitenge, akakaza fundo. Nikashusha pumzi. Lakini kila bibi akikaza, mtoto anapungua. Ile miguu mirefu inaingia ndani ya kitenge kama mishumaa inayoisha. Mikono inafupika. Mara ana umri wa kutambaa, mara ana umri wa kunyonya, na anatoa mkono nje ya kitenge anautafuta mpira, vidole vidogo havifiki.

"Bibi, unamfanya nini?"

"Namtunza."

"Anaisha!"

"Haishi. Anabaki," akasema, na akakaza tena.

"Mfungue! Nakuomba mama, mfungue!"

Akanitazama kwa huzuni, akafungua fundo. Subilaga akamwagika sakafuni akarefuka tena. Na pale mezani kipyenga kikatangaza, "Macho yamefika." Yule mwingine akafumbua. Yalikuwa macho ya Subilaga kabisa, ila hayajawahi kuona mtu. Akatembea, akaja kusimama bega kwa bega na wangu. Wakafanana. Wakachanganyika, huyu kulia, huyu kushoto, na mimi babu mtu sijui yupi ni yupi.

"Atoke Subilaga, aingie Subilaga," kikasema kipyenga. "Mzee, onyesha anayetoka."

Nikamwita huyu, akaitika, "Abee babu." Nikamwita yule, "Abee babu." Sauti moja.

Ringi ikainamisha shingo yake kutoka juu. "Babu, kwani nyumbani kwako mtu akisafiri mnamuagaje?"

Ndipo nikakumbuka. Kwetu mtoto akisafiri, mkubwa wa nyumba anamtaja jina, halafu anachukua maji mdomoni anampulizia usoni. Na mtoto hafuti. Anayaacha yakauke yenyewe huko njiani. Ukifuta, umefuta kwenu. Baba yangu alinifanyia hivyo nilipokwenda migodini, na nilitembea na uso umelowa mpaka barabarani, wasichana wananicheka.

Kwenye mfuko wa kiti kulikuwa na chupa ya maji. Nikapiga funda kubwa. Hapo nikagundua nimekosea. Hofu ilinifanya nitangulize maji, na jina sijalitaja. Mdomo umejaa. Siwezi kusema.

"Sema!" anapiga kelele yule wa taa. "Twende au tubaki?"

"Sema!" anakohoa bibi.

"Mmmh," nasema mimi.

Nikimeza, baraka inaingia tumboni mwangu, na safari inakuwa yangu mimi. Mashavu yanauma. Basi linashuka mpaka miti imekwisha dirishani, limebaki giza tu, na lile giza linafungua mdomo. Kumbe ndimo linamoingia.

Nikafumba macho nikawapulizia wote wawili. Phuuu! Maji yakatapakaa mpaka kwenye taa za Ligi ya Pwani, moja ikapasuka.

Nikafumbua. Wote wamelowa. Mmoja anasonya, anashika jezi, anajipangusa uso vizuri, paji, mashavu, kidevu. Na anapojipangusa, macho yanatoka pamoja na maji. Mwingine amesimama vilevile, matone yanamtiririka puani, anapepesa, hagusi.

"Huyu," nikasema. "Huyu ndiye wangu."

Kipyenga kikasema, kama mtu aliyechoka kazi, "Mabadiliko yamekataliwa. Mchezaji anaendelea kuwa yeye."

Basi likaingia ndani ya lile giza. Sote tukiwemo.

Nikaamka. Kumekucha, jogoo wa jirani anapiga kelele zake, mimi nimekamata ubavu wa kitanda kwa mikono yote. Mlangoni amesimama Subilaga, ameshika kikombe cha chai.

"Mume wangu, leo umelala kama gunia. Nipe jibu, wenzangu wananingoja."

Mimi nilikuwa namtazama uso. Paji la uso lina matone. Nyusi zimelowa. Tone moja limening'inia kwenye ncha ya pua.

"Umenawa?"

"Bado. Hata sielewi babu, nimeamka hivi hivi. Nikadhani bati linavuja, nikatoka kuangalia. Nje kukavu."

Akaweka kikombe chini, akashika ncha ya khanga ajipanguse.

"Usifute!"

Sauti iliyonitoka hata mimi sikuitambua. Mkono wake ukasimama na ile khanga karibu kabisa na shavu. Akanitazama. Amekulia nyumba hii, anajua nani huwa anaambiwa neno hilo, na wakati gani.

"Babu," akasema polepole, utani umemwisha, "kwa hiyo tunaenda?"

"Naogopa, mwanangu."

"Hata mimi," akasema, akaiachia khanga.