Pampu ya Kipepeo

Kaka yangu Nazareno alinivunja kiwiko kwa mlango wa gari ambalo baba aliniachia mimi. Wala haikuwa bahati mbaya. Nilikuwa nimeng'ang'ania nguzo ya mlango, nimekataa kushuka, naye akaubamiza mara mbili: ya kwanza ili nishuke, ya pili kwa sababu sikushuka. Madaktari wakanitia vyuma viwili na skrubu saba, na tangu hapo mkono wangu wa kulia haukunjuki tena, umekaa tu kama mpini wa birika. Gari sikulitoa. Ndipo akaanza kuniita Kiwiko, na mtaa mzima ukadakia.

Kazi yangu ni teksi. Gari lenyewe ni la mwaka themanini na moja, refu, zito, na lina pawa stelingi. Hiyo pawa ndiyo maisha yangu. Ikiwepo, naendesha kwa mkono mmoja, nakula jasho langu, na sihitaji kumwomba Nazareno hata chumvi. Isipokuwepo, usukani wa lile gari unataka mwanamume wa kubeba mifuko ya saruji, na mimi ndiyo basi tena.

Mwezi Machi pampu ya hiyo pawa ilianza kulia kila nikikata kona. Wiki ya pili sili yake, ule mpira wa kuzuia mafuta, ikapasuka, mafuta yote yakamwagika barabarani. Nililirudisha gari nyumbani nimelalia usukani kwa kifua, kona tano, huku machozi yananitoka kwa maumivu. Nazareno alikuwa amesimama langoni. Alicheka mpaka akashika tumbo.

"Yamekwisha, Kiwiko," akasema. "Lete funguo. Sasa utajifunza kukaanga mayai."

"Lete jeneza langu kwanza," nikamwambia, "funguo utazikuta mfukoni."

Akanizaba kofi moja lililonikalisha chini, akaingia ndani kula.

Sasa, mambo ya kwetu yaeleweke. Mtoto hapa huzaliwa akiwa wa Yai au wa Kipepeo. Yai ni wale wenye magari ya alama ya buluu ya mviringo. Kipepeo ni wapinzani wao, alama yao ina mabawa mawili kama tai ya shingoni ya mhudumu wa hoteli. Magari yao hushindana Jumapili, na nusu ya mji haizungumzi na nusu nyingine mpaka Jumatano. Yupo bibi aliyezikwa na bendera ya Yai, na mkwewe wa Kipepeo akazuiwa kugusa jeneza. Sisi ni wa Yai, babu na bibi. Gari langu ni Yai. Na Nazareno, kwa hasira yake, alipita kwa kila muuza vipuri wa Yai mjini akawaambia: atakayemuuzia Kiwiko pampu, nitakwenda kumvunjia vioo. Wakamwogopa. Wanaume wazima, wana ndevu, wakaniangalia usoni na kuniambia pampu hizo haziji tena.

Nikaenda kwa Ludueña. Ludueña ni muuza magari mabovu, na ni Kipepeo mpaka kwenye soksi.

"Weee!" akapiga ukelele aliponiona. "Binti wa Bertolotti uani kwangu! Nifunge lango au nipige picha?"

"Nataka pampu ya stelingi, Ludueña. Yoyote inayosukuma mafuta."

"Ya Kipepeo kwenye gari la marehemu Bertolotti?" Akavua kofia. "Mama, wewe unajua unachokiomba? Kaka yako atakuchinja."

"Hayo yangu. Pampu unayo?"

Akaingia kwenye mabovu yake, akatoka na pampu nzima, imefungwa kwa gazeti. Hakutaka malipo. Alitaka ile mbovu yangu ya Yai aitundike ukutani, basi. Tulibadilishana tukishikana mikono, na moyoni niliona aibu kweli, kama niliyeuza msalaba wa kanisa. Ndivyo tulivyolelewa.

Nilingoja Jumapili ya mbio. Nazareno huondoka asubuhi kwenda klabuni kuangalia na wenzake, na harudi kabla ya alasiri. Mara alipopotea kwenye kona nikapandisha jeki, nikaweka stendi, nikalala chini ya gari. Puli, lile gurudumu dogo la mkanda, nilishaing'oa kwenye ile pampu mbovu kwa chombo chake tangu Ijumaa, na mkanda ulikuwa unaning'inia. Kazi ya saa mbili kwa mwenye mikono miwili. Tundu za ile pampu, bila shaka, hazikulingana hata moja na braketi ya Yai, kile chuma cha kuishikilia. Nikakata bamba la chuma kwa msumeno, nimelibana katikati ya magoti, nikatoboa tundu nne, nikafunga bamba kwenye gari na pampu kwenye bamba. Bolti ya nyuma ilinichubua vidole vyote. Alama ya mabawa iliyokuwa kifuani mwa pampu niliisugua kwa tupa mpaka ikafutika, nikaipuliza rangi ya buluu. Nikasema, hapo atapita mara mia asijue.

Nikafunga mipira ya mafuta, nikajaza mafuta. Ikabaki kutoa upepo: magurudumu yakiwa hewani, mtu azungushe usukani mwisho kulia, mwisho kushoto, mara ishirini, na mwingine aangalie mapovu. Mkono mmoja tu na mapovu mbele, haiwezekani.

"Mama!" nikaita.

Mama yetu, Elvecia, alikuwa jikoni anakanda unga wa ravioli, zile tambi za kujazwa, redio ya mbio imewashwa. Ana miaka themanini. Maishani mwake hajawahi kukalia kiti cha dereva. Baba hakuruhusu, na baada ya baba hakuruhusu Nazareno. Akatoka amejaa unga mpaka viwikoni, akaangalia njia, akaangalia pampu.

"Hiyo si yetu," akasema.

"Si yetu."

"Bikira Maria." Akafuta mikono kwenye aproni. "Nikae wapi?"

Akazungusha. Kwanza kwa woga, halafu kwa nguvu, ulimi nje kama mtoto anayeandika. Mapovu yakapanda, yakapungua, yakaisha. Nikashusha gari, nikawasha injini. Kimya. Ule mlio umekwenda. Nilifurahi mpaka nikambusu mama shingoni, naye akacheka, halafu akaacha kucheka ghafla kwa sababu redio ilisema gari la Yai limeungua injini mzunguko wa tatu na Kipepeo anaongoza peke yake.

"Anarudi," mama akasema. "Funga boneti, Zulma. Funga haraka!"

Sikuwahi, klabu iko karibu. Nazareno aliingia langoni na chupa mkononi, uso umemwiva. Alisikia injini. Alikuja moja kwa moja, akanisukuma kando, akainama. Hata kipofu wa Yai anaujua mtungi wa mafuta wa pampu ya Kipepeo, kumbe. Umbo lake tu linatosha. Rangi yangu ya buluu ilikuwa bado mbichi. Akaigusa kwa kidole, akakitazama kile kidole.

"Kwenye gari la baba," akasema taratibu.

"Kwenye gari langu."

Akanipiga kwa mkanda wa zamani wa pampu, niliokuwa nimeubadili na kuuacha juu ya fenda. Pigo la kwanza lilinipata sikioni, la pili mdomoni, nikasikia jino limelegea. Akanishika nywele, akaniinamisha juu ya injini, uso wangu karibu na feni, upepo wake unanipiga machoni.

"Itoe! Itoe kwa meno yako, malaya wa Kipepeo! Itoe!"

"Nazareno, mwache!" Mama alimshika shati. Akampiga mama kwa kiwiko bila hata kugeuka, nikamsikia mama akianguka juu ya ndoo.

Hapo damu ikanichemka. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa umeshika kopo la mafuta ya stelingi, robo limebaki. Nikalirusha nyuma, yakamwingia machoni. Alipiga ukelele, akaniachia, nami nikachukua kile chombo cha kung'olea puli, chuma cha kilo mbili, nikampiga nacho begani, halafu mbavuni, halafu sijui wapi. Nilimpiga kwa miaka yote ile. Sikuwa na hofu hata chembe. Nilikuwa na raha, na siikatai. Akaanguka kwenye mashine ya baba ya kunolea, akaamka na nyundo kubwa ya kuvunjia mawe.

Alilenga pampu kwanza. Akakosa, akapiga taa, vioo vikaruka. Nikaingia kwenye gari, nikabamiza mlango. Pigo la pili lilishuka kwenye boneti. La tatu lilivunja kioo cha mbele na kunijaza vipande mapajani. Nikatia gia.

Akarudi nyuma mpaka langoni, akasimama kati, damu inamtoka puani, nyundo juu.

"Pita!" akafoka. "Pita basi, Kiwiko! Ukitoka na uchafu huo hurudi!"

Lango letu ni pana. Lori la saruji linaingia na kutoka bila kukunja kioo. Kulia kwake palikuwa na nafasi ya gari zima, na kushoto karibu hivyo hivyo. Nikaondoa gari. Alidhani nitafunga breki, kwa maana nimefunga breki mbele yake maisha yangu yote.

Sikufunga. Nilimsukuma mpaka nguzo ya lango ikavunjika, na mguu wake ulikuwa kati ya nguzo na bampa. Sikuwahi kusikia sauti ile kwa binadamu. Nilizima injini. Mpira wa pampu ulikuwa umechomoka kwa mshindo, mafuta yakatiririka mekundu chini yakichanganyika na damu yake. Nilishuka nimeshafungua kinywa niseme nilichofanya, niseme lolote wanalotaka, wanifunge.

Nazareno akaniwahi.

"Imekwama!" alilia, ameshika nyonga yake. "Imekwama, si nilikwambia! Kipepeo hiyo! Ndivyo zinavyofanya, zinakwama! Inaniua Kipepeo!"

Majirani walikuwa wameshafika ukutani. Likawapitia hilo neno mmoja baada ya mwingine: kumbe alitia pampu ya Kipepeo, masikini, usukani umekwama. Polisi aliyekuja ni Yai tangu tumboni. Aliingiza mkono dirishani akajaribu kuzungusha usukani. Mzito kama jabali, kwa kuwa mafuta yote yalikuwa chini. Akatikisa kichwa.

"Dada, chuma cha Kipepeo kwenye Yai," akaniambia kwa huruma. "Ulitegemea nini?"

Akamgeukia mama. Mama alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduka, jicho limevimba, mikono bado ina unga. Alinitazama mimi kwanza, kwa muda mrefu.

"Ulikwama," mama akasema.

Wakaandika hivyo.

Nazareno alilazwa miezi minne. Mguu ulikatwa juu ya goti, na nyonga haikukaa sawa tena. Aliporudi kwenye kiti cha magurudumu alikuwa shujaa: wenzake wa klabuni walikuja na nyama choma na bendera, naye akawahadithia kila mmoja jinsi Kipepeo ilivyomla mguu. Ludueña alitukanwa mjini mpaka akakoma kwenda kanisani. Mimi nikanyoosha bampa, nikatia kioo kipya, nikarudisha mpira wa pampu mahali pake, nikajaza mafuta, nikarudi kazini. Watu walidhani nimebadilisha pampu. Hakuna aliyeuliza.

Kila Jumanne gari la hospitali lilimchukua Nazareno kwenda mazoezi. Kwenye langu alikuwa amekula kiapo hapandi. Ila Jumanne moja ya Novemba gari la hospitali likaharibika, na daktari akasema kwa simu akikosa zoezi lile atabaki kulala. Tukamsaidia kupanda, mama akimshika mgongo. Akaketi mbele, karibu yangu, ananuka dawa, ameshikilia dashibodi kwa mikono miwili.

"Taratibu," akasema. "Hii ina ugonjwa."

Nikageuza gari uani. Uani kwetu lazima urudi nyuma, ukate usukani wote mpaka mwisho, uuvute tena wote upande wa pili, ndiyo utoke. Niliuzungusha kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto. Kulia wote, kushoto wote. Nikapita langoni pale pale, katikati, nafasi imebaki huku na huku. Sikufanya makusudi, ndivyo ninavyoendesha kila siku.

Nilipotazama, Nazareno hakuwa anaangalia njia. Alikuwa anaangalia kidole changu.

"Umeweka pampu nyingine," akasema.

"Hapana."

"Ya Yai?"

"Ileile, Nazareno. Ya Ludueña. Nimeirudishia mpira tu."

Tulipita kanisa, tukapita kiwanda.

"Ilianza lini kuwa nyepesi hivi?"

"Tangu mama alipotoa upepo. Kabla hujaingia langoni."

Alifungua kinywa. Nilimngoja atukane, nilikuwa tayari, nilishafikiria maneno ya kumjibu kwa miezi minane. Hakutukana. Rangi ilimtoka usoni mpaka midomoni, na mikono yake ikaachia dashibodi, ikashuka mapajani. Mbele taa ikawa nyekundu, nikasimama. Ikawa kijani.

"Endesha taratibu, dada," akasema.

Nina miaka hamsini na moja, na ilikuwa mara ya kwanza neno dada kutoka kinywani mwake likinilenga mimi. Nikaendesha vilevile ninavyoendesha siku zote.