Nyumba ya Majaribio

Léoncie hakuamini kompyuta yoyote ambayo hajaivunja mwenyewe. Kwa hiyo, kabla ya kununua hata waya, alijenga ndani ya laptopu yake kuukuu kompyuta nyingine ya kubuni, isiyo na chuma wala plastiki, akaweka humo programu ya kutunzia picha na sauti za ukoo palepale nyumbani. Ikiharibika, anaifuta na kuanza upya. Wiki nzima aliiua na kuifufua kwa raha zake.

Baba yake, muzee Havugimana, fundi wa nyumba za mbao, alielewa upesi.

"Njo vile," alikubali. "Unasimamisha kwanza, unaangalia kama inayumba."

Kitu alichotaka kuokoa Léoncie kilikuwa kimoja: sauti ya marehemu mama yake, sekunde kumi na mbili, iliyorekodiwa kwenye simu ya baba mwaka 2021, volkano ilipotema moto na familia ikakimbilia mji wa Sake. Sasa vita vilikuwa vimefika Sake kwenyewe, na hakuna aliyejua safari hii watakimbilia wapi. Aliinakili sauti ile kwenye mashine yake ya majaribio, akamsikilizisha muzee, ikalia vizuri.

Jumamosi asubuhi umeme uliporudi, majaribio yakaisha. Léoncie akapeleka kidole kwenye kitufe cha kufuta, ili ajenge mashine ya kweli.

"Papa, lete telefone yako, tuchukue tena sauti ya mama."

"Telefone gani? Juzi nilifuta vyote, nikamupatia Bénita, jirani yetu wa zamani, kule kambi ya wakimbizi ya Mugunga. Yeye hana kitu."

"Ulifuta sauti ya mama?"

"Si ilishaingia kwa mashini? Mutu akihama, anang'oa mbao za nyumba ya zamani. Haachi hata musumari."

Kidole kilikuwa bado juu ya kitufe. Léoncie alikiondoa taratibu, kisha akaukalia mkono mzima, maana hakuuamini tena. Alitaka kugomba, akacheka, na machozi yakamtoka hapohapo.

Siku hiyo alitoa nakala tatu. Moja aliitia kwenye mfuko wa kukimbia nao, ule unaokaa nyuma ya mlango pamoja na vyeti vya shule. Halafu wakasikiliza. Pikipiki zinanguruma, mtoto analia, na mama anaita majina yao moja moja, kisha anauliza, "Muko wote?"

Muzee aliinamia laptopu.

"Tuko wote, mama Léoncie," akajibu. "Na wewe uko."